Dada alionekana nadhifu mno kuwa mgonjwa

Barua ya kumkatalia dada yangu, mwalimu anayeumwa sonona, pensheni ya ulemavu ina kurasa mbili, ila kilichomwangusha ni mstari mmoja: mwombaji ni nadhifu na anajibu maswali vizuri. Nimeusoma mpaka nimeukariri.

Unadhifu ule ni wangu mimi. Siku ya bodi ya madaktari niliamka saa kumi alfajiri, nikachemsha maji, nikamwogesha mtu mzima wa miaka 42 ambaye siku tisa alikuwa hajaoga. Nikamsuka mtindo wa twende kilioni, nikampigia pasi gauni la kitenge. Ndivyo tulivyolelewa, huendi mbele ya watu wa ofisini ovyo ovyo. Tukapanda daladala kutoka Nkuhungu, naye akawajibu dakika ishirini kwa ile sauti yake ya ualimu. Tuliporudi alilala siku tatu. Hizo siku tatu hakuna daktari aliyeziona.

Sheria inataka mwanachama wa mfuko wa pensheni awe amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kupata kipato. Sawa, mfuko ni jasho la watu, usigawiwe hovyo. Lakini mguu uliokatwa utaukuta vilevile Jumatatu na Alhamisi. Sonona haina tabia hiyo. Kuna siku dada atasonga ugali wa uwele na mlenda akaupika mwenyewe. Kuna wiki nzima hafungui hata pazia. Mwalimu wa siku nne kwa mwezi ataajiriwa na shule gani? Hilo ndilo swali la kipato, na hawakuliuliza.

Wakahoji pia mbona alichelewa kutibiwa. Jamani, huyu kakulia Dodoma! Hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili, ipo tangu 1927, ila mtaani kwetu kumwambia mtu "nenda Mirembe" bado ni tusi. Miaka miwili alihangaika na vidonge vya usingizi na maji ya upako ndipo akakubali kliniki. Mimi kuchelewa huko nakuona ni ugonjwa wenyewe ukifanya kazi yake; wao wamekuhesabu kuwa dalili kwamba dada haumwi sana.

Kwenye rufaa sijaomba huruma. Nimeambatanisha daftari: tarehe, kaamka saa ngapi, kala nini, kaoga au hakuoga. Mkuu wake wa shule, Mungu ambariki, alitutolea nakala ya rejesta ya mahudhurio. Daktari naye tumemwomba aandike mambo ambayo dada hawezi kuyafanya, maana cheti cha kwanza kilitaja jina la ugonjwa, basi. Mwenye ndugu kama huyu aanze daftari kabla ya kugusa fomu yoyote.

Bodi inakaa tena Jumanne. Jana dada kaniuliza avae nini. Nikamwambia avae atakachoamka nacho. Akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi, nami badala ya kufurahi nikaingiwa na hofu: je, akicheka hivi mbele yao?