Mikono Tumenawa, Bomba Je?

Mvua kubwa ikiingia Nairobi, tangazo ni lile lile: nawa mikono, chemsha maji, funika chakula. Sina ugomvi nalo. Taifodi na kipindupindu huingilia mdomoni, na sabuni husaidia kweli. Kinachoniudhi ni kwamba mawaidha yote anamwagiwa mama mwenye mtungi wa lita 20, huku mwenye ploti, yaani mwenye nyumba za kupangisha, haambiwi neno.

Pita mitaa ya mabanda kama Mukuru au Mathare uangalie chini. Mabomba membamba ya plastiki yamelazwa ndani ya mtaro wa maji taka, na pale yalipopasuka yamefungwa vipande vya tyubu. Siku za mgao maji yakikatwa, bomba hubaki tupu na kufyonza uchafu kupitia nyufa. Yakirudi, hutangulia yale ya rangi ya chai. Wenyeji wanalijua hilo, huyaacha yamwagike kwanza ndipo wakinge. Lakini maji kuwa meupe si hoja, vijidudu havionekani kwa macho. Na kuchemsha kunataka makaa au gesi, navyo havipatikani bure.

Julai 2025 serikali ilitoa chanjo ya taifodi kwa watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14. Hatua nzuri, na mzazi aliyemficha mtoto wake siku ile sina la kumtetea. Ila chanjo hiyo haizuii kipindupindu, wala haizibi bomba.

Kwangu mimi, kinga ianzie kwenye ploti. Choo ni kimoja, wapangaji ni wengi. Ukiwa msafi peke yako, jirani asiyejali atakupitishia ugonjwa kwa kitasa cha mlango. Zamu ya kuosha ikiwekwa na keateka (mwangalizi wa ploti) akaisimamia, na tukachangiana dawa ya kutibu maji ya tangi, hapo tumeanza. (Michango ya harusi tunaiweza, hii itatushinda?) Kibera kuna mabomba yaliyopitishwa juu ya nguzo, mbali na mtaro. Kwa hiyo inawezekana.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanatuzuru nyumba kwa nyumba, na wanafanya kazi ya maana. Lakini hawana meno. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inayo: afisa wa afya anaweza kumwamuru mwenye ploti aondoe kero. Basi kabla ya mvua za Machi afisa huyo apite mitaani, na notisi ya kwanza impate mwenye bomba lililolala mtaroni.