Pachi ikirudishwa, uiandike upya au uongezee juu?

Wadau wa programu huria wana ugomvi mmoja ambao hauishagi, na sio ule wa kupanga mistari ya kodi kwa tabu au kwa spesi. Umetuma pachi yako, yaani mabadiliko ya kodi unayotaka mradi uyapokee, mkaguzi kairudisha na maoni yake, hapa pana kosa, pale jina la fankisheni halieleweki, sasa unarekebishaje? Kuna wanaosema rudi ukaziandike upya komiti zilezile (zile hatua za mabadiliko zinazohifadhiwa kwenye historia ya mradi) mpaka ionekane hukuwahi kukosea, na kuna wanaosema hapana, ziache za mwanzo zilivyo alafu bandika komiti ya marekebisho juu yake. Ukilisikia mara ya kwanza unaona watu wamekosa kazi, ila miradi mikubwa kabisa imegawanyika hapohapo.

Chukua kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi huo. Pale mambo bado yanaenda kwa imeili, unatumia git, programu inayotunza historia ya kodi, unaandaa kwa git format-patch unatuma kwa git send-email, na ukirudishiwa unatuma mfululizo MZIMA upya ukiwa na [PATCH v2], yaani toleo la pili, kwenye kichwa cha habari, ikirudi tena v3, zipo zinazopita v10. Kilichobadilika toka toleo lililopita unakieleza chini ya ule mstari wa vistari vitatu, maana git am, amri ya kuingiza pachi, ikifika hapo inayatupa maelezo hayo, hayaingii kwenye historia. Sasa nenda LLVM, wale wa kompaila ya Clang, programu inayogeuza kodi iweze kuendeshwa na kompyuta. Wao Septemba 2023 walihamia kwenye pulu rikwesti za GitHub (maombi ya kuingiza mabadiliko yanayokaguliwa kwenye tovuti) na mwongozo wao unakwambia kinyume kabisa, ukirekebisha pushi, yaani tuma, komiti za nyongeza, usipushi kwa nguvu ukafuta zilizokuwepo, kwasababu ukipushi kwa nguvu GitHub inapata shida kujua maoni ya mkaguzi yalikuwa yanahusu mstari gani. Pachi ikishakubaliwa zote zinagandamizwa zinakuwa komiti moja, kwishnei.

Wa Linux hawafanyi vile kwa ukorofi tu (japo ukorofi nao upo, tusidanganyane). Sababu kubwa ni git bisect, amri ya kutafuta komiti iliyoleta kosa. Bagi, yaani kosa la programu, imeonekana leo, mwezi uliopita haikuwepo, katikati kuna komiti 1000, bisect inakupeleka nusu kwa nusu na kwa majaribio kama 10 hivi unaikamata iliyoharibu. Lakini hiyo inawezekana tu kama kila komiti njiani inakompailika na inawaka. Ukiacha mle komiti ya tatu mbovu alafu ya nane ndo inaisahihisha, atakayekuja kutafuta bagi yake miaka sita baadae anaangukia kwenye ubovu wako ambao hata haumhusu, anabaki kuruka ruka na git bisect skip huku anakulaani. Ndo maana mwongozo wa kerneli unataka mfululizo ujengeke na ufanye kazi baada ya kila pachi, sio mwishoni tu.

Hoja hiyo ni nzito na mi naikubali. Ila angalia mzigo anaubeba nani. Mkaguzi alishasoma pachi 14 za v3, zimekuja 14 za v4, kilichobadilika ni mistari mitano sehemu fulani, na anategemea orodha ya mabadiliko aliyoiandika mwandishi mwenyewe ambaye anaweza kusahau, au kaona kitu kidogo akakigusa bila kusema. Na zile Reviewed-by, mistari ya kuonyesha mkaguzi kairidhia pachi, ambazo mwandishi alizipata kwenye v3, kama pachi imebadilika sana anatakiwa aziondoe, sasa "sana" ni kiasi gani, kila mtu na kipimo chake. Git 2.19 ya mwaka 2018 ilileta git range-diff ya kulinganisha mfululizo wa zamani na mpya, kifaa kizuri kweli, lakini kinachotoka ni tofauti ya tofauti, alama za kujumlisha na kutoa zimepangana mbili mbili, ukiisoma mara ya kwanza utadhani tamino, lile dirisha la kuandikia amri, imechanganyikiwa.

Mchangiaji mgeni ndo anaumia zaidi. Ribesi, yaani hiyo kazi ya kuzipanga na kuziandika upya komiti, inatisha watu, wengi hawajui kwamba kazi iliyopotea huwa inapatikana kwenye git reflog, kumbukumbu ya kila hatua tawi lako lilipopita. Ongeza na imeili yenyewe, Gmail ya kwenye brauza inageuza tabu kuwa spesi na kukata mistari kwaiyo pachi inakataa kuingia, na kutumia send-email na Gmail kwa kawaida unahitaji nywila maalumu ya programu toka walipobana mambo 2022. Ingawa nikiri imeili ina raha yake kwa mtu wa bando dogo, pachi ni kilobaiti chache, unaandaa kila kitu ukiwa ofulaini, ukipata mtandao unatuma.

Kugandamiza mwishoni kunamwokoa huyo mgeni, na kwa pachi ya mistari 30 sioni ubaya wowote, atayeng'ang'ania v5 kwa kosa la tahajia anafukuza watu. Tatizo ni kazi kubwa. Ukigandamiza mabadiliko tisa tofauti yakawa komiti moja ya mistari 2000, bisect itakufikisha pale vizuri tu alafu unaanza kusoma mistari 2000 kwa macho. LLVM wanajibu gawanya kazi iwe pulu rikwesti kadhaa ndogo, sawa, ila zikitegemeana moja juu ya nyingine GitHub inakuwa mateso.

Gerrit, mfumo wa kukagua kodi unaotumika Android, ilishaonyesha sio lazima uchague. Komiti inabeba Change-Id, utambulisho usiobadilika, unairekebisha ileile, kila ukituma linahifadhiwa toleo jipya na mkaguzi analinganisha la tatu na la nne kwa kubofya. Kwaiyo nusu ya ugomvi huu naona ni udhaifu wa vifaa watu wameugeuza kuwa imani.

Kama mradi wako uko GitHub na historia unaijali, mi naegemea njia ya katikati, wakati wa ukaguzi ongeza kwa git commit --fixup, inayoweka alama kwamba komiti hii inasahihisha ile, wakishakubali ndo ukunje kwa git rebase --autosquash, kila sahihisho linaingia ndani ya komiti yake. Wapinzani watasema kilichokubaliwa sio kilichoingia, na wana haki ya kuuliza, ila hilo linapimika, git diff kati ya ncha ya tawi kabla ya kukunja na baada ya kukunja inatakiwa isitoe kitu, hata mstari mmoja. Sharti ni usihamie kwenye main mpya (tawi kuu la mradi lililoongezewa kazi za wengine) kwa mpigo huohuo, kwasababu hapo mabadiliko ya wengine yanachanganyika na yako na mkaguzi anarudi kusoma upya toka mwanzo.