Maji Yakipwa Saa Tano Usiku

Kumtibu mgonjwa nyumbani kwake na kumuacha hapo hapo, bila kumpeleka hospitali, ni kazi halali ya mhudumu wa ambalansi, na mara nyingi ndiyo tiba bora. Bibi wa miaka 70 aliyeshukwa na sukari, akatibiwa, akazindukana na kula, hafaidiki na kuteremshwa kwa machela ngazi nyembamba za nyumba ya Mkomani, mtaa wa mji mkongwe wa Lamu, kisha kupitishwa vichochoro ambavyo punda wawili wenye shehena hawapishani. Hilo silipingi. Ninachokipinga ni kauli ya kuagia: "Hali ikibadilika, tupigieni simu."

Penye barabara kauli hiyo ina maana, kwa sababu gari litarudi. Siyu, kijiji cha kisiwa cha Pate huko Lamu, kauli hiyo haina maana. Mlango wa Siyu ni mkondo katikati ya mikoko, na boti huingia maji yakiwa yamejaa. Mji wa Pate ni vivyo hivyo: yakipwa, chombo huishia gati la Mtangawanda na mgonjwa atolewe mjini kwa punda au pikipiki. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa sana, maji hujaa alasiri, baina ya saa kumi na saa kumi na moja, na kufika saa nne au saa tano usiku yameshapwa kabisa. Anayemuacha mgonjwa Siyu saa kumi na moja jioni, basi amemuacha hadi karibu na alfajiri. Saa za maji ziingie katika uamuzi kama inavyoingia presha.

Sukari ndiyo inayoonyesha jambo hili wazi zaidi, kwa kuwa mgonjwa wake hupona mbele ya macho ya watu. Kipimo kimesoma milimoli 2.1 kwa lita, mtu haitiki, anatoka jasho jembamba. Anapewa glukosi ya mshipa, na baada ya dakika 10 anauliza kulikoni watu wamejaa chumbani. Nyumba nzima inashusha pumzi. Hapo ndipo mhudumu anatakiwa aulize swali moja kabla ya kufunga mkoba: anatumia dawa gani? Na asiridhike na jibu la mdomo, aletewe pakiti zenyewe azisome.

Akiwa anatumia kidonge cha kisukari cha metformin peke yake, ni nadra dawa hiyo kuishusha sukari kiasi hicho, kwa hiyo sababu nyingine itafutwe. Akiwa na insulini, na sababu inajulikana (amejidunga na hakula), anaweza kubaki kwa masharti. Lakini akiwa anameza glibenclamide, au jamaa zake kama gliclazide na glimepiride, asiachwe. Vidonge hivi huikamua kongosho itoe insulini hata sukari inapokuwa chini, na kwa mzee ambaye figo zimechoka glibenclamide huweza kufanya kazi saa 24 na zaidi. Glukosi tuliyompa haikai hivyo. Tena dozi kubwa ya ghafla huichochea kongosho iliyokwisha kukamuliwa imwage insulini zaidi, na sukari ikaporomoka upya baada ya saa chache. Mwezi wa Ramadhani ndio wa kuangaliwa kuliko yote: kidonge kimemezwa wakati wa daku, tumbo tupu kutwa nzima, mtu anaanguka kabla ya magharibi.

Kwa sababu hiyo napendelea glukosi ya asilimia 10, mililita 150 hadi 200 kwa dakika 15, kuliko kusukuma ile ya asilimia 50, ambayo pia huunguza nyama ikivuja nje ya mshipa. Kama mkobani mna ya asilimia 50 tu, mililita 50 zake zikichanganywa na mililita 200 za maji ya sindano zinakuwa asilimia 10. Mgonjwa anayeweza kumeza hahitaji sindano: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini ya 4. Ikishapanda ndipo ale chakula cha kukaa tumboni, kama mkate wa mofa au viazi.

Kuna kosa moja dogo linalohadaa watu wengi. Kabla boti haijafika, jamaa wamemlisha tende au asali kwa mkono, na yeye mwenyewe ameshika. Kidole kina utamu. Ukikichoma hivyo hivyo, kipimo kitasoma 8 au 9 ilhali damu yenyewe iko chini ya 3, na pamba ya spiriti pekee haiondoi utamu huo wote. Kioshwe kwa maji, kikauke, tone la kwanza lifutwe, lipimwe la pili. Na vijiti vya kupimia vikae ndani ya kichupa kilichofungwa sawasawa. Unyevu wa baharini huviharibu.

Pumu nayo ina saa zake. Salbutamol, dawa ya kuvuta, hufungua kifua kwa saa nne hadi sita, lakini uvimbe ndani ya njia za hewa unabaki. Wa kuachwa ni yule anayesema sentensi nzima bila kukata, anayepumua chini ya mara 25 kwa dakika, na mwenye oksijeni ya asilimia 94 au zaidi kwenye damu bila kuongezewa, saa moja baada ya dawa. Aachiwe na vidonge vya prednisolone vya kupunguza uvimbe huo, miligramu 40 kwa siku kwa siku tano kwa mtu mzima, na ameze ya kwanza mhudumu akiwa yupo. Aliyewahi kulazwa mahututi kwa pumu apelekwe tu.

Wengine hawana mjadala, lazima wapelekwe: mwenye degedege la mara ya kwanza, au lililopita dakika tano, au la mjamzito, aliyedungwa diazepam ya kuzima degedege, aliyedungwa adrenalini kwa mzio, maana mzio huweza kurudi saa kadhaa baadaye, mzee aliyegonga kichwa naye anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Kuhusu anayekataa kwenda: karatasi yenye sahihi haimlindi mgonjwa. Mwenye sukari ya 2 hawezi kukataa wala kukubali mpaka ipande. Akishapata akili zake, aulizwe yeye, si mume wala kaka aliyesimama mlangoni, na aweze kurudia kwa maneno yake alichoambiwa: "Mama, hebu niambie wewe, leo usiku utaangalia nini?" Akijibu "nitaangalia hali", hajaelewa. Akijibu "nikitoka jasho au nikitetemeka nanywa maji ya sukari, halafu namwamsha binti", ameelewa. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mhudumu aeleze hali, hatari na haki ya kukataa kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Kwa Waaweer (Waboni) wa Basuba, upande wa bara wa Lamu, wenye lugha yao, hiyo inaweza kuwa na maana ya kutafuta mkalimani kwanza.

Anayebaki aachiwe karatasi, na mtu mzima wa kulala naye mwenye simu yenye chaji na salio. Iandikwe kipimo cha kwanza na cha mwisho, dawa na kiasi, saa iliyotolewa. Juu kabisa iandikwe saa ya mwisho ambayo boti inaweza kutoka. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye kipimo cha sukari na mashine ya presha mwaka 2023; wa mtaa huo aitwe kabla boti haijaondoka, aonyeshwe mgonjwa, akubali saa ya kurudi. Apime saa moja kabla ya ile iliyoandikwa juu ya karatasi. Ikisoma chini ya 5, au ikiwa inashuka tangu kipimo cha mwisho, apige simu, na mgonjwa apakiwe chombo kingali kinaelea.