Kabla ya kununua skana, tuandike majina

Kila panapozungumzwa maktaba na mtandao hapa Zanzibar, mazungumzo huishia kwenye mashine: skana ngapi, kompyuta ngapi, intaneti ya kasi gani. Hoja yangu ni ndogo zaidi, na pengine haina mvuto kwa wafadhili. Kinachotukwamisha ni majina. Tunaweza kuzipiga picha karatasi zote zilizoko Nyaraka Kilimani na kuzipandisha mtandaoni, na bado mwanafunzi wa Wete asizione, kwa sababu aliyeziorodhesha aliandika jina kivyake na yeye analitafuta kivyake.

Mchukue Bi Kidude. Jina lake ni Fatuma binti Baraka. Pengine utamkuta kama Bi Kidude tu, pengine Fatuma, pengine Fatma, pengine "binti" imeshaondoshwa. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay 1928 kurikodi sahani za santuri, alizaliwa Fumba akiitwa Mtumwa. Mtandaoni leo yuko kwa "binti" na yuko kwa "bint". Kikundi cha taarab kilichoanzishwa 1905 kinaandikwa Ikhwani Safaa, Ikhwan Safaa na Akhwan Safaa. Google hubahatisha, na kwa watu mashuhuri kama hawa hubahatisha vizuri. Kwa mshairi wa Micheweni aliyetoa diwani moja tu, haina cha kubahatishia.

Sisi watu wa kawaida ndio kabisa. Mohammed, Mohamed, Muhammad, Mohd na ile Moh'd yetu. Mtu mmoja huyo huyo anaweza kuwa na tahajia moja kwenye cheti cha kuzaliwa, nyengine kwenye cheti cha skuli, na ya tatu kwenye makala aliyoitoa chuoni. Kile kialama cha juu katika Moh'd nacho kina vituko vyake: ipo mifumo inayokiona kama mwisho wa neno, ikabaki "Moh" huku na "d" kule. Halafu kuna fomu zinazodai jina la ukoo. Tuseme mwandishi ni Ali Juma Khamis. Fomu itamgeuza awe "Khamis, Ali Juma", na kitabu kitapangwa chini ya jina la babu yake, ambaye huenda hakuwahi kuandika hata barua.

Wakutubi waliyajua haya zamani, kabla mtandao haujazaliwa. Kwenye lile kabati la kadi palikuwa na kadi isiyokuwa ya kitabu chochote, kazi yake kukuelekeza tu: jina hili, tazama jina lile. Nyuma yake palikuwa na faili la majina, ambamo maktaba imeamua kwamba mtu huyu sisi tutamwita hivi, na majina yake mengine yote yanamrudia yeye. Henriette Avram na wenzake katika Maktaba ya Bunge la Marekani walipotengeneza muundo wa MARC miaka ya 1960, ili kompyuta iweze kusoma kadi, faili la majina nalo halikuachwa nyuma. Rekodi hugawiwa nyuga, yaani nafasi zenye namba: jina lililochaguliwa la mtu huingia uga wa 100, na yale mengine uga wa 400. Mtandao ulipokuja, rekodi ya kitabu ikaongezewa uga wa 856, pa kuwekea anuani ya kitu kilichoko mtandaoni.

Mwaka 1995 wataalamu walikutana Dublin, ile ya Ohio, si ya Ireland (hata wao majina ya miji yanawasumbua), wakaanzisha Dublin Core, orodha fupi iliyokuja kuwa na vipengele 15, ili yeyote anayeweka kitu mtandaoni aweze kukieleza bila ya kuwa mkutubi. Mwaka 2010 zikatoka kanuni za uorodheshaji ziitwazo RDA, zilizoandikwa kwa kujua kwamba kitu kinachoorodheshwa huenda hakina jalada wala kurasa. Yote hayo ni mazuri. Lakini Dublin Core inakupa tu nafasi ya kumtaja mtunzi. Haikulazimishi umwandike vipi, na hapo ndipo tunapoangukia sisi.

Taasisi nazo zina majina. Hadi 2020 uvuvi ulikuwa ndani ya Wizara ya Kilimo, Maliasili, Mifugo na Uvuvi, kisha ikaja Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Anayetafuta ripoti za dagaa za miaka kumi anatafuta katika wizara mbili, na tovuti ya zamani ikifungwa, uga wa 856 unabaki na anuani isiyofika popote. Internet Archive, hifadhi ya kurasa za mtandao, inazo nakala za kurasa nyingi zilizokufa, lakini kuzipata kirahisi lazima ujue anuani ya zamani. Nani anaijua, kama haikuandikwa kwenye rekodi? Ndiyo maana kanuni za uorodheshaji zinataka wizara iliyobadilishwa jina ihesabiwe kuwa taasisi mpya, kisha iunganishwe na ile iliyotangulia.

Mahali vilevile. Ukitafuta Pemba utaletewa na mji wa Pemba ulioko Msumbiji. Chwaka iko Unguja na iko Pemba karibu na Tumbe. Mkoani, ule mji wa Pemba, andika uone, utaletewa habari za kila mkoa wa Tanzania.

Najua nitaambiwa akili mnemba itayamaliza yote haya. Huenda. Lakini nayo hujifunza kutokana na yaliyoandikwa, na kama hakuna popote palipoandikwa kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, itakisia kama Google tu, ila kwa sauti ya kujiamini zaidi.

Kazi yenyewe haihitaji fedha za kutisha. Koha, programu ya maktaba iliyoanzia New Zealand na kuanza kutumika 2000, ni ya bure na ina sehemu ya faili la majina. Wikidata, hazina ya taarifa mtandaoni, iko wazi tangu 2012 na yeyote anaweza kuongeza tahajia zote za jina chini ya namba moja. Wahadhiri wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wanaweza kujichukulia namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti mmoja tu, bila ya malipo, na mzozo wa Mohamed na Muhammad ukaisha hapo hapo. Kuna VIAF inayounganisha mafaili ya majina ya maktaba kubwa za dunia, lakini mwenye kujua kwamba mshairi fulani na mwalimu fulani ni mtu mmoja yuko Chake Chake, hayuko Washington.

Jambo moja la adabu. Mazoea ni kuwatenganisha watu wenye jina moja kwa mwaka wa kuzaliwa. Wapo, khasa mabibi zetu, ambao hawatapenda mwaka wao utandazwe mtandaoni. RDA inaruhusu kutumia kazi ya mtu badala yake: mshairi, mwalimu, mpiga udi. Tutumie hiyo.

Ningepewa mimi kuamua, ningeanza na waimbaji wa taarab na washairi wa Pemba, halafu wizara. Wizara zina gazeti rasmi la Serikali, mabadiliko yao yamechapishwa na yatasubiri. Majina ya utotoni na ya utani ya wale wengine yako vichwani mwa wazee.