Eti Kiitaliano kinasomeka kama Kiswahili, nani kawadanganya?

Nimekutana tena na video ya mwalimu anafundisha Kiitaliano kwa Kiswahili, kaanza vilevile kama wenzake wote: rahisi sana jamani, unasoma kilivyoandikwa, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwisha. Halafu akaandika abitano (wanaishi) ubaoni akaisoma abiTAno (herufi kubwa ndo penye mkazo). Nikazima.

Haya, vokali zinafanana na zetu, nakubali. Na kwenye parLIAmo (tunaongea) na parLAte (mnaongea) mazoea yetu yanakubeba bila shida. Balaa ni nafsi ya tatu wingi. PARla (anaongea) ikienda wingi inakuwa PARlano, mkazo unabaki palepale ulipokuwa kwenye umoja, ile -no inadandia tu kwa nyuma kama tandiboi. Sasa kama umoja ni Abita, wingi ni A-bi-ta-no, na teLEfona (anapiga simu) inakuwa te-LE-fo-na-no, silabi ya NNE kutoka mwisho! Ulimi wa Mswahili gani unafika huko bila kufundishwa? Sisi shuleni tuna ile barabara moja ya kubishania, ya magari na ya sawasawa, basi tunajiona tumemaliza mambo ya mkazo.

Na si urembo. Mtaliano akitaka kusema "mambo hayo hutokea" anasema "sono cose che CApitano". Weka mkazo wa kwetu, capiTAno, ushamletea nahodha wa meli mezani, hajaitwa na mtu.

Maandishi nayo hayakusaidii, maana alama wanalazimika kuiweka mkazo ukiwa silabi ya mwisho tu, kama parlò (aliongea). Kwingine ujijue. veDEre (kuona) na PRENdere (kuchukua) zote zinaishia -ere, ziangalie mpaka macho yaume, hakuna kinachokuonyesha tofauti. Kusomeka kilivyoandikwa ndo huku?



Kinachoniuma, vijana wa bichi kule Malindi ambao darasa la Kiitaliano hawajawahi kulikanyaga wanasema PARlano safi kabisa kwa sababu wamekiokota kwa masikio, alafu mtu kalipa ada anatoka na abiTAno na cheti juu. Kamusi nzuri za Kiitaliano zinaonyesha mkazo kwenye kila neno. Sasa mwalimu, ukinakili ubaoni kile kialama unakiacha kwa nini, wino unaisha? Andika àbitano, telèfonano, lèggono (wanasoma), hata kama Mtaliano mwenyewe haandiki hivyo, maana wanafunzi wako sio Wataliano.