Mwosha Maiti Akisema: Wasifu wa Freddie Mercury na Suala la Idhini

Kikundi chetu cha wasomaji hapa Nairobi kina nakala moja tu ya kitabu hicho, nayo imezunguka mikononi mwa watu sita, na karibu kila aliyeirudisha ameirudisha na hasira za aina yake. Ni wasifu wa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, uliochapishwa Uingereza mwaka 2025 na mwandishi wa habari aliyekwisha kumwandika kabla ya hapo. Si kitabu cha bendi, wala si cha warithi wanaojulikana. Kinadai kwamba mwimbaji huyo, aliyefariki London tarehe 24 Novemba 1991, aliacha binti aliyezaliwa mwaka 1976, na kwamba alimkabidhi binti huyo shajara 17 alizoziandika kwa mkono wake. Binti mwenyewe anatajwa kwa herufi moja tu, B. Mary Austin, aliyekuwa mwandani wa mwimbaji na aliyerithi nyumba yake, amesema hadharani kwamba hakuwahi kujua habari za mtoto wala za shajara.

Nilitarajia kwamba tungebishana kama habari hizo ni za kweli. Badala yake, muda mwingi tuliutumia kubishana kama mtu asiyepewa ruhusa ana haki ya kuandika maisha ya mwenzake, na hasa ya marehemu ambaye hawezi kujibu. Swali hilo si dogo, lakini nimeanza kuamini kwamba ndilo lililotupoteza njia.

Upande wa kwanza uliongozwa na mzee wa kikundi, mzaliwa wa Unguja anayeishi Nairobi kwa miaka mingi, ambaye alikataa hata kukifungua kitabu. Hoja yake aliieleza kwa mfano wa mwosha maiti. Anayeingia kumwosha marehemu, alisema, huona mwilini mambo ambayo pengine hata jamaa zake hawayajui, na wajibu wake ni kutoka humo akiwa amefunga mdomo. Akianza kusimulia barazani alichokiona, hakuna atakayemwita tena, na zaidi ya hayo akumbuke kwamba mwosha huoshwa. Mwandishi wa wasifu, kwa maoni ya mzee, ni mwosha wa namna hiyo. Sitara ni haki ya marehemu, na haipotei kwa sababu marehemu alikuwa maarufu.

Hoja hii ina uzito kuliko vijana wa kikundi walivyokubali. Freddie Mercury mwenyewe alikuwa mtu wa kujisitiri. Alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi, yaani Wahindi wenye asili ya Uajemi, akapelekwa shule India, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Lakini katika mahojiano hakupenda kuyachimbua hayo. Tamko lake la kwamba ana UKIMWI lilitolewa tarehe 23 Novemba 1991, siku moja tu kabla ya kufa, na ndani yake alieleza kwamba alikuwa ameificha habari hiyo ili kulinda faragha ya watu waliomzunguka. Hata majivu yake yaliwekwa mahali ambapo Mary Austin peke yake ndiye anayepajua, kwa kuwa ndivyo alivyoagiza. Anayesema kwamba mtu huyu angefurahi kuona maisha yake yakichambuliwa kurasa kwa kurasa ana kazi kubwa ya kuthibitisha.

Aliyemjibu mzee ni muuguzi mstaafu, mama mtaratibu ambaye kwa kawaida husikiliza zaidi ya kusema. Aliuliza swali moja: mwosha akikuta jeraha la kisu, naye anyamaze? Kisha akatukumbusha matangazo ya tanzia ya miaka ya tisini, katika redio na magazeti ya hapa, ambamo kila mtu alikufa "baada ya kuugua kwa muda mfupi" au "kwa muda mrefu", na ugonjwa wenyewe haukutajwa kamwe. Familia zilidhani zinasitiri. Serikali ya Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, na kufikia wakati huo, alisema, wodini walikuwa wamekwisha kuwafunga macho vijana wengi ambao mazishini hakuna aliyethubutu kusema walichougua. Kwa mama huyu, idhini ya familia ni neno zuri linaloweza kufunika jambo baya.

Ukiufuata mfano wao mpaka mwisho, utaona kwamba mzee na muuguzi hawapingani sana. Mwosha huona alama ya kuzaliwa nayo, na huona jeraha. La kwanza halimhusu mtu wa nje. La pili huenda likamhusu kila mtu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwandishi ni aliona nini na kwa nini tunahitaji kukijua, kabla hatujamuuliza ni nani aliyemfungulia mlango.

Idhini yenyewe haina usafi tunaoupa. Filamu maarufu ya mwaka 2018 kuhusu maisha yake ilitengenezwa kwa ushirikiano wa wanabendi wenzake waliobaki, yaani ilikuwa na kila aina ya baraka. Hata hivyo, inamwonyesha akiwaambia wenzake kwamba ana UKIMWI kabla ya tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, ilhali masimulizi ya watu wake wa karibu yanaonyesha kwamba aligunduliwa takriban miaka miwili baadaye. Baraka zilipatikana, na tarehe ikahamishwa ili tamasha liwe na machozi zaidi. Unguja nayo haikupata hata robo saa, jambo ambalo kwa msomaji wa Kiswahili ni kero yenye uzito wake.

Katika fasihi yetu pia tunao mfano, na ni wa mwanamuziki. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad kwa heshima na mapenzi, na sidhani kama yupo atakayekiita kitabu kile cha udaku. Lakini Siti mwenyewe aliimba habari za watu waliokuwapo Unguja katika enzi yake, wakiwamo mwuaji aliyetoroka na mahakama iliyowaadhibu mashahidi badala yake, na sina shaka kwamba hakwenda kubisha hodi kwa wahusika akiomba ruhusa. Tukishika kanuni kwamba hakuna kusema bila idhini, tutabaki na sifa za Siti na kuzipoteza nyimbo zake.

Kijana mmoja alileta hoja ya fedha, kwamba mwandishi wa kitabu hiki anajitajirisha kwa jina la marehemu. Hoja hiyo sikuipa muda mwingi. Mnamo Septemba 2023 vitu vya Freddie Mercury, kuanzia piano hadi vyombo vya mezani, vilipigwa mnada London kwa karibu pauni milioni 40, kwa idhini kamili ya mrithi, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa kwenye misaada ya kupambana na UKIMWI. Jina la marehemu linaliwa na wengi, wenye ruhusa na wasio nayo.

Sheria haitusaidii sana kuamua. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha katika Kifungu cha 31 na uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33, na katika mfumo wa sheria tuliourithi kwa Waingereza, marehemu hakashifiwi: familia haiwezi kumshtaki mwandishi kwa niaba yake. Walio hai ni habari nyingine. Mwaka 2000 Mahakama Kuu jijini hapa ilimpa mwanasiasa Nicholas Biwott fidia ya shilingi milioni 30 kutokana na kitabu kilichochapishwa Uingereza.

Kitabu chenyewe basi kina kasoro gani? Mwanachama mmoja, mwalimu, alikisoma akiwa na penseli mkononi, na nakala ilipofika kwangu nilikuta pambizo zimejaa neno moja kwa mwandiko mdogo wa darasani: "nani?" Alikuwa ameliandika kila palipotajwa ile herufi B katika jambo zito. Hiyo ndiyo hoja ninayoikubali zaidi ya zote tulizozitoa. Kitabu hiki hakikuja bila idhini hata kidogo. Kinadai idhini kubwa kuliko zote, ya damu na ya mwandiko wa marehemu, kisha kinamnyima msomaji kila njia ya kuipima. Naelewa kwamba B alikuwa na haki ya kuficha jina lake, na nisingalipenda kuona waandishi wa habari wakimwandama mlangoni. Lakini anayetaka sitara kwa nafsi yake na wakati huohuo anatumia ushahidi wake kumfunua mtu mwingine, kuanzia kwa baba mpaka kwa mama, ambaye kitabu kinasema alikuwa mke wa mtu mwingine, amechukua pande zote mbili za mfano wa mzee. Ukurasa mmoja wa shajara uliochapishwa na kukaguliwa na mtaalamu wa mwandiko ungetosha kunibadilisha mawazo.

Nakala sasa iko kwa mzee wa Unguja. Alinipigia simu mwenyewe kuiomba, akasisitiza kwamba mambo ya mtoto hatayagusa. Anataka tu kuona kama walioandika London wameitaja Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja, na kama wameitaja ipasavyo. Nilimpelekea Jumamosi. Jana aliniuliza kama yule mwalimu anaweza kumwazima penseli.