Rangi ya Watoto Ianzie Jikoni

Mwaka jana nilimkuta mwanangu wa miaka minne, pamoja na wenzake wa darasa la awali, wakichora kwa rangi ya mafuta iliyosalia kwenye kopo baada ya jengo kupakwa, na kipindi kilipokwisha mikono yao midogo ikasafishwa kwa mafuta ya taa. Sikulala vizuri siku ile. Rangi hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya vidole vinavyorudi mdomoni kila dakika, na baadhi yake huwa na madini ya risasi, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa hakimdhuru mtoto.

Tangu hapo rangi tunaitengeneza nyumbani, hapa Mwanga, Kigoma mjini, na nimekuja kuamini kwamba hata ile ya dukani iliyo salama kabisa humpunja mtoto, kwa sababu humfikia ikiwa imekamilika, naye hubaki na kazi ya kupaka tu.

Chukua udongo wetu mwekundu wa Kigoma, ule unaong'ang'ania soksi za shule hata zikifuliwa mara tatu. Binti yangu huuponda, huutia kwenye kopo la maji, hukoroga, kisha huhesabu taratibu hadi ishirini ili mchanga utangulie kuzama. Maji mekundu yaliyobaki juu huyamimina kwenye bakuli jingine na kuyaacha hadi kesho yake, na asubuhi chini ya bakuli hukuta tope laini kama siagi. Wachoraji wa kale wa Kondoa, ambao michoro yao ya miambani iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, nao wekundu wao waliutoa ardhini. Mkaa uliotwangwa na kuchujwa kwa kitambaa hutupatia weusi.

Ili rangi ishike kwenye karatasi, ninapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, vijiko viwili kwa kikombe cha maji pamoja na chumvi kidogo, na mtoto hauchanganyi na tope lake mpaka uwe umepoa. Mama yangu alipinga mwanzoni, akasema chakula hakichezewi, na katika nyumba zetu neno hilo si la kupuuzwa. Nilimkumbusha kwamba kaptula za kaki za kaka zangu alizipiga pasi kwa wanga wa muhogo huo huo, naye akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama vijiko viwili vinatosha.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni binzari ya manjano. Ikoroge kwenye uji, kisha mwache mtoto adondoshe matone machache ya maji ya majivu yaliyochujwa: pale pale manjano hugeuka wekundu wa kutu. Binti yangu aliporuka nyuma mara ya kwanza, aliniuliza nani ameibadilisha, nikamwambia, "Ni wewe, mama." Ukikamulia limau, manjano hurudi. Hilo ni somo la kemia, na amelipata kabla hajajua kuandika jina lake. Akina mama wanaoogopa madoa wasikate tamaa, kwa kuwa binzari hupauka juani, na kanga ikianikwa siku kadhaa doa hufifia. Kwa sababu hiyo hiyo mchoro wa binzari usibandikwe dirishani, ilhali wa udongo na wa mkaa hustahimili.

Jirani alitushauri tutumie mawese, maana Kigoma hatuyakosi na rangi yake inavutia. Tulijaribu. Baada ya wiki nzima karatasi ilikuwa bado inanata na sisimizi wameijaa, kwa sababu mawese hayakauki yakawa gamba gumu kama yafanyavyo mafuta ya kitani ambayo wachoraji huyatumia.

Rangi hii haiwekwi akiba. Siku ya tatu uji huchacha, kwa hiyo ipikwe ya kutosha siku moja tu. Pale ambapo shule inawapikia wadogo uji wa asubuhi, sufuria ipo, moto upo, majivu yapo, na udongo uko nje ya mlango. Ninawaomba walimu wa awali wajaribu walau mara moja kabla ya kutuchangisha fedha za rangi ya dukani.